Hodi ya Nne

Salha,

Hujambo sikuulizi. Nimekuona asubuhi umepita hapa barazani umevuta mdomo mbele kama bata, ukasema "Shikamoo Bibi" ukiwa umeshafika nje, marahaba yangu ikakuta mgongo. Umekwenda Mwandiga kumuaga mjomba wako, wewe uliyesema huondoki, na begi umeliacha juu ya kitanda likiwa tupu, wazi, nguo umezirudisha kabatini ili nizione. Nimeziona.

Mimi mzima, na nina hasira.

Naongea na simu. Nimebonyeza pale ulipoachia alama ya kipaza sauti, nasema, nayo inaandika. Nikinyamaza inangoja. Nikikohoa haijui ifanye nini. Nikimaliza nitaiambia inisomee, nisikie kama imeandika niliyosema au imeandika adabu zake. Kisha nitakutumia ukiwa bado huko Mwandiga, ili hasira zako uzimalizie njiani, ufike hapa umetulia. Jana tulijaribu kuzungumza kama watu, tukaishia kupigiana kelele mpaka jirani yetu Yusta akaja na unga mikononi kutuamua. Leo utanisikiliza bila kunikata.

Maneno yako ninayo. Ulisema, "Kamera isipobaki ukutani, Bibi, mimi siondoki." Ukaenda chumbani ukaanza kutoa nguo. Treni ni kesho, Salha. Chuo kimekuita wewe, mtoto wa mtaa wetu wa Kasingirima uliyesomea kwenye meza ya kuchambulia chikichi, ukajifunze hizo mashine zako zinazojifunza zenyewe, na wewe unaniambia hutoki kwa sababu bibi yako kang'oa kidude ukutani.

Kweli nimeking'oa. Nimeking'oa kwa mwiko wa kukorogea mawese, na ningekuwa na mikono yangu ya zamani kingefika ziwani. Kiko hapa mapajani nimekifunika kanga. Bado kinawasha kile kitaa chake chekundu chini ya kanga, kama mtu anayejifanya kalala.

Sasa sikiliza, mke mwenzangu. Usiende huko mbele ukawaambia wenzako kwamba bibi yako ni mshamba anayeogopa mashine. Utakuwa umenisingizia, na nitakuja na treni inayofuata.

Mimi shule niliisikia kwa nje. Nilipita chini ya madirisha yake kila siku na ndoo kichwani, wenzangu wanaimba herufi humo ndani, maji yananimwagikia shingoni. Nilipoolewa, babu yako alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa huku. Akawa ananiandikia barua. Mwenye kusoma alikuwa karani mmoja wa duka, pale karibu na soko la Ujiji, na alikuwa hasomei ndani. Alisomea barazani, amekaa kwenye gunia la chumvi, watu wanapima sukari.

Babu yako alikuwa na maneno. Hujui hilo kwa sababu ulimkuta mzee wa kukoroma. Aliandika, "Mwamvua, usiku nakukumbuka mpaka nasikia harufu ya nywele zako." Karani akasoma hivyo, kwa sauti, na mwanamume mmoja akasema, "Rudia hapo pa nywele." Akarudia. Nilisimama pale nimejitanda, nimeinama, natafuta ardhi ifunguke. Kuanzia siku hiyo nikipita sokoni vijana wanaitana, "Jamani, mnasikia harufu?"

Na kujibu ni hivyo hivyo. Ukitaka kumwambia mumeo neno, umwambie kwanza karani. Mimi ningesema nini mbele ya yule mtu na gunia lake? Nilikuwa nasema, "Mwandikie sisi wazima, atume sabuni." Basi. Kila barua, sisi wazima, atume sabuni. Babu yako alirudi ameshanizoea hivyo, mwanamke mkavu, asiye na neno tamu, naye polepole akaacha ya kwake. Nikaona haya kumweleza. Tumeishi miaka yote ile, tumezaa, tumezika, na amekwenda kaburini akidhani mkewe hakuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo uliponifundisha kuongea na hii simu, ukanionyesha inavyoandika na inavyonisomea mwenyewe, hapa sikioni, hukujua umefanya nini. Siku ile ulipokwenda kwenye mafunzo yako mjini, nilifunga mlango wa chumbani nikamwambia babu yako. Yote. Simu ikaandika. Nikaiambia isome, ikasoma kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na hakucheka mtu. Halafu nikafuta, kwa sababu kufuta pia ulinifundisha. Nilikaa kitandani, na kilichonijaa usidhani ni furaha. Zilikuwa hasira. Nilikuwa naiuliza, wewe ulikuwa wapi? Kuna watu waliweza kutengeneza kitu hiki, na wangeweza kuona haja yake mapema, lakini haja ilikuwa ya wanawake wenye ndoo kichwani, nani aharakishe?

Unaona basi. Mashine mimi nazidai, siziogopi.

Na ile mashine ya kukamulia mawese nayo niliidai. Wewe umezaliwa umeikuta inanguruma kule bondeni, hujui tulivyokuwa. Tulichemsha chikichi kwenye pipa, tukazitwanga, tukakamua kwa kuzungusha mti, wanawake wanne wanauzunguka kama ng'ombe. Mabega yangu yameishia pale. Ilipokuja mashine ya injini nililia. Watu wengine walisema mafuta yake hayana ladha, mimi nikawaambia wakalambe mabega yangu waone ladha. Lakini nisikilize hapa, kwa sababu hili hawatakufundisha chuoni. Kuzunguka ule mti tulikuwa tunaongea. Mtu anamtangulia mwenzake, hawaangaliani usoni, na maneno magumu hutoka vizuri watu wasipoangaliana. Injini ikaja, ikanguruma, hakuna aliyesikia la mwenzake. Mashine ikaturudishia mabega ikachukua mazungumzo. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali mabadilishano hayo. Mimi ningekubali, lakini ningependa kuulizwa.

Ndipo tukahamishia mazungumzo hapa uani. Kuchambua chikichi kutoka kwenye mashada yake yenye miiba hakuna injini inayoiweza kazi hiyo, hivyo wanawake wanakuja hapa mchana na vikapu, mikono inachambua, macho yameinama kwenye miiba, na maneno yanatoka. Huu ua ndio uliobaki. Umekulia humu. Ulikuwa mtoto unalala kwenye kikapu cha Yusta, na yaliyosemwa juu ya kichwa chako hayakutoka nje ya uzio.

Tuje kwenye kuanguka kwangu, kwa sababu najua hapo ndipo unaponingoja.

Nilianguka, sikatai. Nyuma ya nyumba, pale kwenye pipa, ardhi imelewa mafuta na mvua ya masika imepita juu yake. Mguu ukaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Nilisikia nyonga inasema kitu. Simu ilikuwa kitandani, ikilia, nadhani ni wewe uliyekuwa unapiga. Halafu nikamsikia Yusta mlangoni, ananisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, Bibi Mwamvua. Hodi."

Sauti sikuwa nayo. Ilikuwa imekwenda na pumzi. Nikafungua mdomo ikatoka hewa.

"Hodi."

Nikapiga udongo kwa kiganja. Udongo wa mafuta haulii.

"Hodi, jamani."

Kisha nikasikia kandambili zake zinarudi. Tatu zimetimia, na mtu mwenye adabu zake, zikitimia tatu bila jibu, anarudi. Na ilikuwa adhuhuri. Yusta ni Mkristo, ameishi nasi Waislamu ukuta kwa ukuta tangu ujana, anajua mtu aliye kwenye mswala haitiki hodi. Akajisemea, Mwamvua anasali, nitarudi baadaye. Akaenda Katonga kununua dagaa. Nililala pale siafu wananisoma mguuni mpaka wewe uliporudi alasiri.

Ulipoambiwa hospitali jinsi ilivyokuwa, ukasimama mbele ya kitanda changu ukasema, "Adabu zenu hizi zingekuua." Yusta alikuwa amekaa hapo hapo na chupa ya uji. Aliinama. Mpaka leo hajanyanyuka vizuri. Anapiga hodi kwangu sasa kama mtu anayeomba msamaha kwa mlango.

Nilikukasirikia sana kwa neno lile, na hasira haijaisha, na sababu ni kwamba lilikuwa kweli.

Ukaleta hicho kidude. Nakumbuka ulivyopanda kwenye kigoda, na misumari mdomoni. Nikakuuliza, "Hicho nini?" Ukasema, "Cha usalama, Bibi." Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Hapo kwenye kutikisa kichwa ndipo penye kosa langu. Sisi tusiosoma tuna tabia hiyo, na ni tabia mbaya kuliko kutosoma kwenyewe. Mtu akitamka neno la kisasa tunatikisa kichwa, tunaogopa tukiuliza tutaonekana wajinga. Nilidhani ni taa ya kufukuza wezi. Usiku ikawa haiwaki. Nikawa nawaambia wenzangu, "Mjukuu wangu kanunua taa mbovu, mwoneeni haya, msimwambie." Tukaicheka ile taa yako pale chini yake, Salha, na wewe unatusikia ukiwa mjini.

Sasa Mama Bahati. Hili tulifikie polepole, maana jana ulilikimbia.

Mama Bahati alikuja siku moja na kikapu chake, akachambua muda mrefu. Halafu akasema ile mimba yake imetoka. Mumewe yuko kwenye mitumbwi ya dagaa hajarudi, mama mkwe hajui, hakuna ajuaye. Akasema huku macho ameyaelekeza kwenye miiba. Hatukumwambia pole. Yusta alimsogezea kikapu chake kilichojaa, akachukua cha Mama Bahati kilichokuwa kitupu, tukaendelea kuchambua. Hivyo ndivyo tulivyompa pole.

Wewe ulikuwa umekaa mjini na simu yako. Najua hukukusudia. Najua ulifungua kuona kama bibi yako amekula, ukakuta hayo, na moyo wako ukauma. Jioni yake ukamkuta bombani, foleni ya ndoo, mama mkwe wake yuko nyuma yake, ukamshika mkono ukamwambia, "Pole sana, Mama Bahati, Mungu atakupa mwingine."

Akakutazama. Akasema, "Pole ya nini?"

Na wewe ukanyamaza, na katika kunyamaza kwako foleni nzima ikaelewa.

Ulinijia unalia, ukakiri kwamba ile si taa, ni kamera inayoona na kusikia, ukasema, "Bibi, nilitaka kumfariji tu." Nakuamini. Karani wangu hakunipenda na wewe unampenda Mama Bahati, lakini siku ile mlikaa kwenye gunia moja la chumvi. Una haki ya kuchukia ninavyosema hivi. Chukia.

Unajua kilichofuata. Wanawake wakajua kile kidude ni nini, hawakuja. Siku ya kwanza nikadhani ni mvua. Siku ya pili Yusta akaja peke yake, akasimama mlangoni, akaangalia ile taa mbovu juu ya ukuta, akasema kwa sauti ya kanisani, "Habari za hapa ni nzuri," akaondoka. Ulileta jicho moja kunichunga ukafukuza macho yote yaliyokuwa yananichunga. Nilikaa uani peke yangu na lundo la chikichi, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke nikaona kwamba nikianguka tena hakuna hata wa kupiga hodi.

Nilimwendea Mama Bahati na mkongojo wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, msamehe mtoto, hakujua." Akaniambia, "Bibi Mwamvua, mimi sina hasira na mtoto. Nina hasira na wewe. Wewe ndiye mwenye ua. Kilikaa juu ya vichwa vyetu na hukuuliza kinafanya nini." Nikarudi nyumbani, na njia ile fupi ilikuwa ndefu.

Halafu jana, katika kujitetea, ukaniambia eti kina faida nyingine, kinaweza hata kusema. Ukaenda zako chooni na simu, na mimi nimekaa hapa nachambua, ukuta ukaniambia kwa sauti yako, "Bibi, unanisikia?" Ndipo nilipochukua mwiko.

Usicheke. Yusta amecheka vya kutosha kwa niaba yenu wote.

Juzi, kabla ya haya ya jana, ulikuwa unaniambia mashine hizo unazokwenda kuzisomea zitafanya nini. Nilikusikiliza, hata kama nilijifanya nachuja mafuta. Ulisema itafika siku mashine itasikia kikohozi cha mtu ijue ugonjwa. Itaangalia jani la mchikichi ijue kama mti unaumwa. Itasema Kiha. Nikakuuliza, Kiha itajifunzia wapi, ukasema inajifunza kwa kusikiliza watu wanavyoongea. Ukasema hivyo kwa wepesi, unakula muhogo.

Mimi nimelilalia hilo neno. Isikilize watu gani, Salha? Kiha kizuri hakisemwi redioni. Kinasemwa hapa, tukichambua. Kwa hiyo hizo mashine zako zitataka kuja kukaa hapa juu ya ukuta, zisikie Yusta anavyomtukana jogoo wake, zisikie Mama Bahati. Na kikohozi wenye mashine watakichukua kwenye kifua cha nani? Nina hakika watakuja na neno moja zuri, kama lile lako la usalama, na wanawake watatikisa kichwa. Na wewe utakuwa upande gani? Utakuwa na misumari mdomoni au utakuwa umekaa nasi kwenye kikapu? Sikuulizi kwa mafumbo. Nataka kujua.

Maana mimi nazitaka hizo mashine. Ile ya kikohozi ingekuwapo, shangazi yako mkubwa angekuwa hapa ananisaidia kukugombeza. Ile simu yenyewe niliiuliza, juzi usiku, chini ya ziwa letu kuna nini, ikanieleza kwamba kule chini kabisa maji hayana hewa, samaki haishi, na maji yale yamekaa pale tangu zamani hayajapanda juu. Nikakaa nayafikiria hayo maji. Nimeoga humo maisha yangu yote sikujua. Nikaiuliza, wewe huchoki? Ikasema haichoki. Nikaihurumia kidogo. Kitu kisichochoka kitajuaje saa ya kunyamaza?

Hapo ndipo pa kwenda kusomea, kama unataka rai yangu, na hata usipoitaka. Watu wa kuzifanya zione wapo wengi, na wa kuzifanya zisikie, na wa kuzifanya zijue. Wewe kazifanye zipige hodi. Zisimame nje. Ziulize, zingoje, na zikiambiwa rudi, zirudi bila kununa. Ukishindwa hilo rudi tuchambue chikichi, sitakucheka.

Sasa masharti yangu, na hayajadiliwi.

Nimezungumza na Yusta leo asubuhi. Nimemwambia, kuanzia leo kwangu hodi ni nne. Tatu ni za adabu, kama tulivyolelewa. Ya nne anaipiga akiwa anaingia. Akasema, "Na nikikukuta kwenye mswala?" Nikamwambia, "Utatoka kwa vidole vya miguu, na Mungu ni yule yule." Akalia. Nikamwambia asinililie, aje na kikapu. Wengine nimewapitia nyumba kwa nyumba, na mkongojo, nikawaambia vivyo hivyo. Ulisema adabu zetu zingeniua. Tumeziongeza moja.

Kamera itabaki.

Soma tena hapo, uhakikishe simu haikukosea. Itabaki, kwa sababu nyonga yangu inajua kwamba ulikuwa na sababu, na kwa sababu hutanifanya mimi niwe kisingizio cha wewe kukosa treni. Itarudi pale pale ukutani, na juu yake nitatundika kanga yangu ile ya maua mekundu. Kanga ni mlango na mwenye mlango ni mimi. Nikishaamka, nikishasali, nitakuja kuifunua, nikusikie, unione. Alasiri, wanawake wakishaenda zao, nitaifunua tena. Katikati hapo utaona maua tu, na hata masikio yake uyazibe huko uliko, sijui inafanywaje, wewe ndiye msomi, lakini nitakapokuapisha utaapa. Siku saa yangu ikipita na hujaona kanga ikisogea, mpigie Yusta. Usinipigie mimi, simu itakuwa kitandani kama kawaida yake.

Wanawake nimewaeleza yote, kinavyoona, kinavyosikia, kanga itakavyokaa. Safari hii sikutikisa kichwa, nilieleza mpaka nikauliza nani hajaelewa. Mama Bahati alikuwapo. Alikuja na kikapu, lakini alikaa mbali kidogo na ule ukuta.

Kwa hiyo ukitoka Mwandiga usije hapa moja kwa moja. Pitia kwake. Usimwambie pole. Usimweleze ulivyokusudia, makusudio yako hayamsaidii. Piga hodi, na kama hakuitika zile tatu, ondoka, kwake ni tatu. Akiitika, kaa chini, chukua kikapu, chambua naye mpaka miiba ikuchome. Ataongea au hataongea. Hiyo ni hiari yake.

Nguo zako nimezirudisha kwenye begi. Sikuzikunja kama wewe, nimezikunja kama mimi, zitapata mikunjo na utaniwaza ukizipiga pasi. Nimeweka chupa ya mawese nimeifunga na mifuko, ikivuja itavujia vitabu, usinilaumu.

Nakujua. Treni ikishaondoka kesho, ukishaacha kulia, mtandao ukishika huko njiani, kitu cha kwanza utafungua hiyo simu unitafute. Utakuta giza lenye maua mekundu. Usiogope, wala usimpigie Yusta upesi ukamfanya avunje mlango bure. Si kidude kinasema? Basi sema. Piga hodi, ungoje. Mimi sasa ni wa mkongojo, nachelewa. Nitaitika karibu, nitakuja, nitaifunua kanga, na utaona uso wa bibi yako bado umekunjamana kwa hasira zako. Hapo utajua kwamba ni mzima.

Bibi yako,
Mwamvua